Kupima Vitamini D: Kipimo Kipi, Kwa Nani, na Kwa Kikomo Kipi

Anayeandikiwa kipimo cha vitamini D na daktari, au anayekiomba mwenyewe katika maabara binafsi ya Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au London, kwa kawaida hudhani kwamba kipimo hicho ni kimoja tu, na kwamba jibu lake litakuwa lile lile popote atakapotolewa damu. Sivyo. Chini ya jina hilo kuna vipimo viwili vinavyopima vitu viwili tofauti mwilini, kuna mbinu kadhaa za kuvifanya, kuna vizio viwili vya kuandikia majibu, na kuna taasisi zinazotofautiana kuhusu namba ambayo mtu akiwa chini yake ahesabiwe kuwa na upungufu. Mtu yule yule, kwa damu ya asubuhi ile ile, anaweza kuambiwa mahali pamoja kwamba yuko salama na mahali pengine kwamba anahitaji dawa. Kwa hiyo kuchagua ni lazima, na uchaguzi wa kwanza, ambao wengi huuruka, ni kama kuna haja ya kupima hata kidogo. Uchaguzi huo nitaufikia baada ya kueleza vipimo vyenyewe, kwa sababu hauamuliki vizuri bila kujua namba inatoka wapi.

Kalsidioli na kalsitrioli

Ngozi inapopigwa na miale ya urujuanimno ya kundi B iliyomo katika mwanga wa jua, hutengeneza vitamini D3 kutokana na aina ya kolesteroli iliyomo ndani yake. Chakula huongeza kidogo, hasa samaki wenye mafuta, kiini cha yai na vyakula vilivyoongezewa vitamini viwandani. Vitamini hiyo, iwe ya jua au ya chakula, bado haina kazi. Ini huigeuza kuwa 25-haidroksivitamini D, ambayo huitwa pia kalsidioli na ambayo kwenye fomu za maabara huandikwa 25(OH)D. Kisha figo, kwa kiasi ambacho mwili unahitaji wakati huo, huigeuza kalsidioli kuwa kalsitrioli, yaani 1,25(OH)2D, ambayo ndiyo homoni inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu.

Anayesikia maelezo hayo kwa mara ya kwanza ataona ni busara kupima kalsitrioli, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi. Busara hiyo inapotosha. Kalsitrioli hukaa katika damu kwa saa chache tu, ilhali kalsidioli huchukua wiki mbili hadi tatu kupungua kwa nusu, na kwa sababu hiyo kalsidioli ndiyo inayoonyesha akiba ambayo mtu amejiwekea kutokana na jua, chakula na vidonge vya miezi ya karibuni. Lililo zito zaidi ni kwamba akiba inapopungua, utumbo hufyonza kalsiamu kidogo, tezi ndogo za paratiroidi zilizoko shingoni hulitambua hilo na kutoa homoni yao kwa wingi, na homoni hiyo huzisukuma figo zitengeneze kalsitrioli zaidi. Kwa hiyo mgonjwa ambaye akiba yake imekaribia kwisha anaweza kuwa na kalsitrioli ya kawaida, au hata iliyozidi kawaida, na jibu hilo likamtuliza yeye na daktari wake huku mifupa ikiendelea kulainika. Isitoshe, kalsitrioli iko katika damu kwa kiasi kidogo mno, takriban sehemu moja kwa elfu ya kalsidioli, na hiyo ni sababu mojawapo ya ugumu na ughali wa kuipima.

Kwa swali la kawaida, yaani kama mtu ana vitamini D ya kutosha, kipimo sahihi ni 25(OH)D. Anayepokea fomu iliyoandikwa 1,25 anayo haki ya kuuliza kwa nini, na sababu nzuri zipo chache: ugonjwa wa figo, baadhi ya magonjwa ya kurithi yanayoharibu mifupa ya watoto, na kalsiamu iliyopanda katika damu bila chanzo kujulikana. Hiyo ya mwisho inatuhusu sana katika nchi zenye kifua kikuu kingi. Katika kifua kikuu, na pia katika ugonjwa wa sakoidosisi, chembe za kinga zinazojikusanya katika vinundu huweza kutengeneza kalsitrioli zenyewe bila kungoja ruhusa ya figo, na kalsiamu ikapanda. Mgonjwa wa namna hiyo akipimwa kalsidioli peke yake ataonekana ana upungufu, atapewa dozi kubwa ya vitamini D, na kalsiamu itazidi kupanda. Kwake, vipimo vyote viwili pamoja na kalsiamu ya damu vina thamani kubwa.

Mashine za kingamwili na spektrometri ya masi

Tukishakubaliana kwamba kinachopimwa ni 25(OH)D, linabaki swali la namna ya kuipima. Maabara nyingi za hospitali hutumia mashine zinazofanya kazi kwa kingamwili au kwa protini inayoinasa vitamini hiyo, kama vile Elecsys ya Roche, Architect ya Abbott, Liaison ya DiaSorin na Centaur ya Siemens. Mashine hizi ni za haraka, hupima sampuli nyingi kwa siku, na mtaalamu wa maabara hahitaji mafunzo ya miaka ili aziendeshe. Njia ya pili ni kutenganisha viambato vya damu kwa kromatografia na kisha kuvitambua kwa uzito wa molekuli zake, yaani spektrometri ya masi, ambayo huhitaji mtambo wa bei kubwa na mtu anayeuelewa vizuri, na ambayo hupatikana katika maabara kubwa za rufaa.

Tofauti yao inaanzia kwenye tabia ya vitamini yenyewe. Vitamini D haiyeyuki katika maji, hivyo husafiri katika damu ikiwa imeshikwa na protini maalumu, na mshiko huo ni imara. Mashine ya kingamwili inapaswa kuichomoa vitamini kutoka kwenye protini hiyo kwa dakika chache, bila kuiharibu, kabla ya kuihesabu. Pale ambapo protini imeongezeka kuliko kawaida, kama kwa mama mjamzito, au mazingira ya damu yamebadilika, kama kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, baadhi ya mashine hizo hukosea, na hukosea kwa namna zinazotofautiana kati ya kampuni na kampuni. Spektrometri ya masi, ambayo huanza kwa kuivunja protini hiyo kwa kemikali, haisumbuliwi sana na tofauti hizo.

Udhaifu wa pili wa baadhi ya mashine za kingamwili ni vitamini D2. Hii ni aina inayotokana na uyoga na hamira, na ndiyo iliyokuwa ikiandikwa sana na madaktari wa Marekani katika vidonge vya yuniti 50,000 vya kumeza mara moja kwa wiki. Mashine isiyoitambua D2 ipasavyo inaweza kuonyesha kwamba mgonjwa anayemeza dawa zake kwa uaminifu hajapanda hata kidogo, naye akaongezewa dozi. Spektrometri ya masi huitenganisha D2 na D3 na kuziandika kila moja kwa mstari wake.

Tatizo la tatu halijulikani sana na watu wa kawaida, ingawa linawagusa wengi. Vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha huwa na biotini kwa kiasi kikubwa, na baadhi ya mashine hutumia biotini ndani ya mfumo wake wa kupimia. Biotini ikizidi katika damu, kipimo cha vitamini D katika mashine za aina hiyo huweza kutoa namba ya juu kuliko ukweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu biotini na vipimo vya maabara mwaka 2017. Anayemeza vidonge hivyo amweleze anayemtoa damu, na aviache kwa siku mbili kabla ya kupima.

Spektrometri nayo ina mtego wake. Damu ya watoto wachanga huwa na kiasi kikubwa cha molekuli pacha ya kalsidioli, yenye uzito ule ule lakini umbo lililogeuka kidogo, na mtambo usiozitenganisha vizuri huihesabu pamoja na kalsidioli halisi. Mzazi wa mtoto mchanga asifikiri kwamba neno spektrometri peke yake linatosha. Aulize kama maabara inaitenga molekuli hiyo.

Je, mtu mzima wa kawaida alipie njia ya gharama kubwa? Kwa maoni yangu, hapana, mradi maabara yake inajipima na wenzake. Tangu mwaka 1989 upo mpango wa kimataifa unaoitwa DEQAS, ulioanzia London, ambao huzitumia maabara sampuli zile zile na kulinganisha majibu yao. Mwaka 2009 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa damu rejea ambayo kiasi chake cha vitamini D kinajulikana, na mwaka 2010 ukaanzishwa mpango wa kusawazisha vipimo hivi duniani. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, huzipa cheti njia ambazo wastani wa kosa lake hauzidi asilimia 5 na ambazo mtawanyiko wa majibu yake hauzidi asilimia 10. Mashine ya kingamwili katika maabara inayoshiriki mipango hiyo ni bora kuliko mtambo wa spektrometri unaoendeshwa bila kukaguliwa na yeyote. Hata hivyo, msomaji akumbuke maana ya asilimia hizo: mtu mwenye 20 za kweli anaweza kuandikiwa 18 leo na 22 wiki ijayo, bila chochote kubadilika mwilini mwake.

Vitamini D iliyo huru

Zipo maabara zinazouza kipimo cha tatu, cha sehemu ndogo ya vitamini ambayo haijashikwa na protini, na hoja inayotumiwa kukiuza inawalenga watu weusi hasa. Chanzo cha hoja hiyo ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013. Watafiti waliona kwamba Wamarekani weusi walikuwa na 25(OH)D ya chini kuliko weupe, lakini pia walikuwa na protini ndogo ya kuibeba, hivyo sehemu iliyo huru ikawa karibu sawa kwa makundi yote mawili. Ilionekana kama fumbo kubwa limefumbuliwa, kwa sababu Wamarekani weusi, pamoja na namba zao za chini, wana mifupa mizito zaidi na huvunjika mara chache kuliko weupe.

Baadaye ikabainika kwamba kingamwili iliyotumika kupima protini ile ilikuwa ya aina moja tu, na haikulitambua vizuri umbo la protini ambalo limeenea kwa watu wenye asili ya Afrika. Protini ilipopimwa kwa njia nyingine, ikiwemo spektrometri, tofauti kati ya weusi na weupe ilitoweka kwa kiasi kikubwa. Yaani kifaa ndicho kilichokuwa na upungufu. Fumbo la mifupa bado lipo, na linatosha kumfanya mtu mweusi asiogope mno namba iliyo chini kidogo ya kikomo kilichowekwa kwa kuwatazama zaidi Wazungu. Lakini kulipia kipimo cha vitamini iliyo huru kwa sababu ya rangi ya ngozi hakuna msingi kwa sasa. Kinaweza kuwa na maana kwa mgonjwa wa ini au kwa anayepoteza protini kwenye mkojo, na huyo ana daktari bingwa wa kumwongoza.

Tone la kidole kwenye kadi

Walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wanaweza kuagiza kadi, kujichoma kidole, kudondosha damu na kuituma kwa posta. Njia hii inafaa sana kwa tafiti za watu wengi, na inamfaa asiyeweza kufika kliniki. Kasoro yake ni kwamba tone lililokauka ni damu nzima, ilhali vikomo vyote vimewekwa kwa seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, hivyo maabara hulazimika kukokotoa, na ukokotoaji huo hutegemea wingi wa chembe nyekundu. Mwenye upungufu wa damu anaweza kupata jibu lililopotoka. Jibu la kadi likiwa karibu na kikomo, damu ya mshipa irudiwe kabla ya kuanza dozi kubwa.

Vizio viwili na vikomo vinavyogombana

Maabara za Marekani, na nyingi za Afrika Mashariki, huandika nanogramu kwa mililita. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya huandika nanomoli kwa lita. Nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na nanomoli 2.5 kwa lita, kwa hiyo 20 ya Marekani ni 50 ya Uingereza, na 30 ni 75. Mtu aliyepimwa Birmingham akapata 45, kisha akampigia simu dada yake wa Mombasa aliyepata 25, atadhani kwamba yeye ndiye mwenye nyingi. Kumbe yake, ikigeuzwa, ni 18. Kabla ya kulinganisha namba yoyote na nyingine, kizio kisomwe kwanza.

Ugomvi wenyewe ni huu. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2011 ilisema kwamba kiwango cha nanogramu 20 kinakidhi mahitaji ya mifupa ya karibu watu wote, na kwamba hatari ya upungufu iko chini ya 12. Mwaka huo huo Endocrine Society, chama cha madaktari wa homoni chenye makao yake Marekani, kiliita chini ya 20 upungufu na kikataka kila mtu afike 30. Kamati ya lishe ya serikali ya Uingereza, mwaka 2016, ilichagua kikomo cha chini zaidi, nanomoli 25, yaani nanogramu 10, kuwa kiwango ambacho mtu asishuke chini yake wakati wowote wa mwaka.

Mtu asiyechagua kati ya hivyo atachaguliwa na karatasi ya maabara, ambayo mara nyingi huchapisha 30 na kuweka alama nyekundu kwa kila aliye chini yake. Nionavyo mimi, 30 ndiyo dhaifu kuliko zote, na wenyewe walioitangaza wameiacha: katika mwongozo wake wa mwaka 2024, Endocrine Society haikuunga mkono tena kikomo hicho wala kingine mahususi. Hata 20 imetumiwa vibaya. Kiwango kinachokidhi mahitaji ya asilimia 97.5 ya watu, kwa maana yake yenyewe, kiko juu ya mahitaji ya wengi wao. Wastani wa mahitaji, kwa hesabu za ripoti ile ile, ni nanogramu 16. Kumwita mgonjwa kila aliye chini ya 20 ni kuwahesabu watu wengi wazima kuwa wagonjwa, jambo ambalo baadhi ya wataalamu waliohusika na ripoti hiyo walilieleza kwa urefu mwaka 2016.

Athari ya kikomo inaonekana wazi katika uchambuzi wa tafiti za nchi zaidi ya 20 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2020 na kuongozwa na watafiti walioko Kilifi, pwani ya Kenya. Kwa kikomo cha nanomoli 30, asilimia 18.5 ya waliopimwa walikuwa na upungufu. Kwa kikomo cha 50, walikuwa asilimia 34.2. Kwa kikomo cha 75, walifika asilimia 59.5. Bara ni lile lile na damu ni ile ile, lakini upungufu umekua mara tatu kwa kuhamisha mstari.

Wanaopenda viwango vya juu hutaja utafiti wa mwaka 2012 uliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania na kupata wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Ni utafiti mzuri, nao unathibitisha kwamba ngozi nyeusi inayoishi nje karibu na ikweta hutengeneza vitamini D tele. Lakini unachoonyesha ni kiwango cha mtu anayeshinda juani, na hauonyeshi kwamba mwili unaugua usipokifikia. Mkazi wa Dodoma anayeshinda ofisini hana sababu ya kuifukuzia 115 kwa vidonge.

Namba hii na afya: palipo imara na palipo legelege

Kwa mifupa, uhusiano umethibitika. Upungufu mkubwa huleta matege kwa watoto, na kwa watu wazima huleta kulainika kwa mifupa, maumivu ya nyonga na mbavu, na udhaifu wa misuli ya mapaja unaomfanya mtu ashindwe kuinuka kwenye kiti cha chini. Hata hapa, 25(OH)D peke yake haitoshi. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 uliwagawa watoto wenye matege katika makundi ya kupewa kalsiamu, vitamini D, au vyote viwili, na waliopata kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopata vitamini D peke yake, kwa kuwa jua walikuwa nalo na chakula chao ndicho kilichopungukiwa na kalsiamu. Kwa mtoto wa Afrika Mashariki mwenye miguu iliyopinda, kipimo cha vitamini D kinapaswa kuandamana na kalsiamu, fosfeti, kimeng'enya cha mifupa kiitwacho alkali fosfatasi, na picha ya eksirei ya kifundo cha mkono au goti. Mzazi akilazimika kuchagua kwa sababu ya fedha, eksirei na alkali fosfatasi humweleza daktari mengi kuhusu hali ya mfupa ambayo 25(OH)D haiwezi kuyaeleza, na mtoto aliyeachishwa ziwa akaishi kwa uji mtupu anahitaji dagaa waliosagwa na mifupa yao au maziwa, hata namba yake ikiwa nzuri.

Kuhusu saratani, moyo, kisukari, kifua kikuu na vifo kwa jumla, hadithi ni nyingine. Tafiti nyingi za kuangalia tu zilionyesha kwamba wenye namba za chini huugua zaidi. Lakini mgonjwa hukaa ndani, hula kidogo, na hatoki juani. Unene hushusha namba. Na uvimbe wa ndani unaoletwa na ugonjwa nao huishusha. Namba ya chini inaweza kuwa alama ya ugonjwa badala ya kuwa chanzo chake, na njia ya kutenganisha mambo hayo ni kuwapa nusu ya watu vitamini na nusu vidonge vitupu, kwa nasibu, kisha kungoja.

Majaribio hayo yamefanyika. VITAL, lililochapisha matokeo yake makuu mwaka 2019, lilikuwa na watu 25,871 wa Marekani, zaidi ya 5,000 kati yao wakiwa weusi, waliopewa yuniti 2,000 kwa siku au vidonge vitupu kwa zaidi ya miaka mitano. Saratani, mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua, na uchambuzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kuvunjika mifupa nako hakukupungua, ingawa magonjwa ya kinga kushambulia mwili yalionekana kupungua. Katika jaribio la D2d la watu 2,423 walioko ukingoni mwa kisukari, waliougua walikuwa pungufu kidogo, lakini si kwa kiasi kinachoweza kutenganishwa na bahati.

Wapo wanaopinga kwamba washiriki wa VITAL hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na kweli wastani wa waliopimwa ulikuwa karibu nanogramu 31. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiwezi kutumika kwa Dar es Salaam. Huko, watu wazima 4,000 wanaoishi na VVU, walioanza ARV na ambao namba zao zilikuwa chini ya 30, walipewa vitamini D3 au vidonge vitupu kwa mwaka mmoja. Vifo havikupungua, wala kifua kikuu cha mapafu hakikupungua. Wala haiwezi kutumika kwa Mongolia, ambako karibu watoto wote 8,851 walioshiriki walikuwa chini ya 20, na vitamini D ya kila wiki kwa miaka mitatu haikuzuia maambukizi ya kifua kikuu. Majibu yote mawili yalichapishwa mwaka 2020.

Kupima, au kumeza tu

Sasa tunaweza kuurudia uchaguzi wa kwanza. Mtu mzima mwenye afya, asiye na dalili, anayeishi Afrika Mashariki na kutoka nje mchana, hana faida iliyothibitika ya kupima. Mwaka 2021 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza kupima watu wasio na dalili, na mwongozo wa Endocrine Society wa 2024 unashauri watu wazima wenye afya wasipimwe kwa kawaida. Vifurushi vya uchunguzi wa mwili mzima vinavyouzwa mijini huiweka vitamini D karibu kila mara, na sababu yake ni rahisi kuikisia: ni kipimo ambacho, kwa kikomo cha 30, karibu kila mara hupata kitu.

Aliyeko Ulaya ya kaskazini au Kanada yuko katika hali tofauti, lakini jibu lake pia si kupima. Huko, miezi ya baridi haina miale ya kutosha ya kutengeneza vitamini D, na serikali ya Uingereza hushauri mikrogramu 10, yaani yuniti 400 kwa siku, katika vuli na kipupwe kwa wote, na mwaka mzima kwa wenye ngozi nyeusi au wanaofunika sehemu kubwa ya mwili. Mama anayevaa buibui Leicester anaweza kufuata ushauri huo bila kutolewa tone la damu. Hali ya Ghuba inafanana kwa sababu iliyo kinyume: jua lipo kupita kiasi, na joto ndilo linalowafungia watu ndani. Marekani hupendekeza yuniti 600 kwa siku hadi umri wa miaka 70 na 800 baada ya hapo, na kikomo cha juu cha 4,000 kwa mtu mzima. Mwongozo wa 2024 unaongeza kwamba watoto, wajawazito, waliofikisha miaka 75 na walioko ukingoni mwa kisukari wanaweza kufaidika na kiasi kinachozidi hicho kidogo, nao pia bila kupimwa kwanza.

Wanaopaswa kupima ni wengine: mwenye maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli usioelezeka, mtoto mwenye matege, aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, mwenye ugonjwa wa utumbo, ini au figo, anayetumia kwa muda mrefu dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabito na kabamazepini, au rifampisini ya kifua kikuu, na anayekaribia kuchomwa sindano kali za kuimarisha mifupa, ambazo zikimkuta na upungufu zinaweza kuishusha kalsiamu yake ghafla. Kwa hao, namba itabadilisha matibabu, na hiyo ndiyo sababu halali ya kuitafuta.

Upungufu ukithibitika, dozi ndogo ya kila siku au ya kila wiki inafaa kuliko dozi kubwa ya mara moja. Katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2010, wanawake 2,256 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka au vidonge vitupu, na waliopata vitamini walianguka na kuvunjika zaidi. Anayependekezewa sindano ya yuniti 300,000 au 600,000, kama inavyotokea katika baadhi ya nchi za Ghuba na Asia ya Kusini, aulize kama vidonge haviwezi kutosha. Sumu ya vitamini D hutokea kwa nadra, kwa kawaida namba ikizidi nanogramu 150, na dalili zake ni kiu, mkojo mwingi, kutapika, kufunga choo na kuchanganyikiwa, zote zikisababishwa na kalsiamu iliyopanda.

Kipimo hakihitaji kufunga kula. Kwa aliye mbali na ikweta, mwezi wa kutolewa damu uandikwe, kwa sababu namba ya Machi huko kaskazini huwa ya chini kuliko ya Septemba. Kurudia kupima kabla ya miezi mitatu ya matibabu hakusaidii, kwa kuwa kalsidioli bado haijatulia katika kiwango chake kipya. Na kurudia huko kufanyike katika maabara ile ile, kwa mashine ile ile, kwani aliyepata 17 kwenye mashine moja na 23 kwenye nyingine hawezi kujua kama ni vidonge vilivyompandisha au ni mashine.